Neno la Kizungu Lisipoenea Ubaoni

Kazi yangu ni kuandika majina ya mashua na vibao vya nyumba za wageni, Amu mjini na Shela. Neno la Kiswahili halinisumbui. Silabi zetu karibu zote huishia vokali, basi ubao ukiisha nakata baada ya vokali na kushuka mstari wa pili.

Kizungu ndicho kilichonitia aibu. Nahodha mmoja aliniletea ubao wa kuenea herufi 8, akataka UNFORGETTABLE, herufi 13. Nikaandika UNFORGET juu, TABLE chini. Mgeni wa kwanza kupita akauliza hiyo meza iko wapi. Nikapaka upya, rangi kutoka mfukoni mwangu.

Sasa, kabla ya kuchovya brashi, natafuta vipande vyenye maana. Naanza pembeni. Un ya mbele inakanusha kama ha yetu. Able ya nyuma ni ile -ika ya kulika, -eka ya kusomeka. Kilichobaki katikati ni forget, yaani sahau. Neno zima: haisahauliki! Hata mpangilio ni uleule: ha mbele, sahau kati, -lik- nyuma. T ya pili si kipande. Huongezwa tu pale able inapojibandika kwa forget.

Lakini angalia usidanganywe. Uncle haina un ya kukanusha. Iondoe uone, cle si neno. Ni kama ki ya kitabu: neno la Kiarabu, kitab, ki si kiambishi chetu, ingawa vitabu tunasema na hatuoni haya.

Kisha silabi. Weka kiganja chini ya kidevu, tamka polepole, hesabu kinavyoshuka: un-for-get-ta-ble, mara 5. Usihesabu vokali zilizoandikwa, maana e ya mwisho haitamkwi; ble ni silabi kwa sauti ya l. Zikifuatana t mbili, kata kati yake.

Kwa hiyo vipande 3, silabi 5, na mipaka haikutani kila mahali. INTERNATIONAL ina bahati: inter, nation, al, kama kimataifa na taifa lake ndani. Tion ni silabi moja, na ukikata INTER-NATIONAL umepata silabi na maana kwa pigo moja.

Ubao wa nahodha niliukata UNFOR-GETTABLE. Forget imepasuka katikati, najua, ila silabi ni nzima, herufi 8 zimeenea, na meza hakuna.