Talaka ina msimu: namna ya kuupitisha mwezi mzito

Ramadhani mke huvumilia kwa kuwa ni mwezi mtukufu. Idd huvumilia kwa kuwa wageni wamejaa ukumbini. Mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ukifika katikati anafunga virago, na mume anabaki akiuliza, "Si juzi tu tulikuwa tunacheka?" Sikukuu haiponyi ugomvi, huuahirisha. Kila mmoja huingia nayo akitumaini mambo yatatengemaa, na ikipita vile vile, kilichokuwa kikivumilika hakivumiliki tena.

Jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 2016 Julie Brines na Brian Serafini wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walitoa hesabu ya maombi ya talaka katika jimbo la Washington kuanzia 2001 hadi 2015. Yalipanda Machi na Agosti, baada ya sikukuu za Desemba na baada ya likizo ya kiangazi. Machi, si Januari, kwa sababu kufungua kesi kunataka fedha, karatasi na moyo, na vyote huchukua muda. Kalenda ya Tanga ni nyingine, mwendo ni ule ule.

Tafuteni mwezi wenu

Chukua kaunta buku, kila ukurasa mwezi mmoja. Usiandike makosa ya mtu. Andika tarehe za ugomvi mkubwa wa miaka 2 iliyopita, na pembeni yake kilichokuwa kinadaiwa wiki hiyo. Mara nyingi tarehe zitajikusanya kurasa 2 au 3.

Januari ni shule na kodi. Elimu bila ada ilianza 2016, lakini sare, viatu na madaftari bado ni vya mzazi, na mwenye nyumba anataka miezi 6 kwa mkupuo. Mwisho wa Shaaban kuna vunja jungu, kisha futari ya siku 29 au 30, kisha nguo za Idd. Kwa nyumba ya mvuvi wa dagaa msimu ni wa kila mwezi: gizani anaingiza, mbalamwezi anashinda nyumbani mfuko mtupu.

Mfunguo mosi ndio unaodharauliwa, nao una harusi mfululizo. Mume huita sare za harusi upuuzi. Si upuuzi. Mwanamke akikosa kijora cha sare kwenye harusi ya wifi yake atasemwa kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni, na asiyetunza leo hatatunzwa siku ya mwanawe. Sare ni deni la heshima, liandikwe kama deni.

Kumbuka Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo mwezi wenu mzito nao unahama. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Futari na sare za shule zitadaiwa wiki moja.

Mwezi mzito ulipwe kabla haujafika

Tuseme sare, viatu na madaftari ya watoto 2 ni 180,000, na kodi ya 50,000 kwa miezi 6 ni 300,000. Jumla 480,000. Mkianza Mei mna miezi 8 hadi Desemba: 60,000 kwa mwezi, kama 15,000 kwa wiki. Wanaoshindwa wengi hawashindwi na kiasi. Huziacha kwenye laini ile ile ya matumizi, na kufikia Septemba zimeshaliwa. Wekeni kwenye kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari. Mvuvi atumbukize gizani, wala asingoje mwisho wa mwezi.

Kikoba cha mke kikivunjwa Desemba hugeuka ugomvi wa pili, kwa kuwa mume alishazipigia hesabu zile hisa kimoyomoyo. Sheria ya Ndoa ya 1971 haihamishi mali ya mke kwenda kwa mume kwa sababu tu wameoana. Ombeni mapema, Oktoba, na anayetoa aseme anatoa kiasi gani.

Saa ya kusema

Saa 11 jioni ya Ramadhani mkaa unafifia, tui limeshachujwa na magimbi bado magumu. Mwingine yuko mlangoni na kiu ya tangu alfajiri. Ukiuliza nguo za Idd hapo, jibu lolote litakuwa baya. Ngojeni baada ya tarawehe. Fungua kwa daftari: "Baba Salma, nina jambo la hesabu, si la ugomvi." Jambo moja kwa usiku mmoja.

Wazo la kuachana likija ndani ya mwezi mzito, lipe siku 60 baada ya mwezi huo kwisha. Likiwa bado lipo wakati kodi imelipwa na watoto wako shule, basi shida si Januari. Ila kama kuna kipigo au vitisho, usihesabu siku. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Mkishindwa, fuateni mpangilio

Anzeni na mshenga na wazee wa pande zote. Kisha Baraza la Usuluhishi la Ndoa, la kata anayoishi mume au la jamii yenu ya dini, mfano la BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Wakili hasimami barazani bila ruhusa ya baraza. Ndugu wa familia anaweza kukuwakilisha. Ndoa isiyotimiza miaka 2 haipelekwi mahakamani kuombewa talaka bila idhini ya mahakama.

Kosa kubwa ni la mume anayetuma talaka kwa simu usiku wa ugomvi, kisha anakwenda mahakamani akidhani kazi imekwisha. Kwa ndoa ya Kiislamu sheria inataka baraza lithibitishe kwanza kuwa limeshindwa kuwapatanisha, talaka ifuate, ndipo mahakama itoe amri yake. Hata kidini hiyo ni haraka mbaya: akiitoa mke yuko hedhini, masheikh huihesabu talaka ya bidaa, yaani iliyotolewa kinyume na mwongozo wa dini.

Baraza likishindwa huandika Fomu Na. 3. Isome kabla hujaondoka: majina yawe sawa na cheti cha ndoa, na iseme wazi kwamba usuluhishi umeshindikana. Hati hiyo haipaswi kuzidi miezi 6 siku unapofungua shauri. Iliyotolewa Februari, ukaiweka kabatini kwa kuwa Idd iliwarudisha kitanda kimoja, Septemba haitakufaa. Itabidi mwanze tena barazani.