Uzi wa G hausikiki kwenye besi yako? Usikimbilie kununua pikapu mpya

Wadau wa gitaa la besi, hii shida inamaliza hela za watu bure kabisa. Unapiga E, uzi mnene kuliko wote, inanguruma mpaka madirisha yanatetemeka, ukihamia G, ule mwembamba kuliko wote, ni kama mtu kakupunguzia volyumu. Mimi yalinikuta na besi yangu ya aina ya Precision, tunapiga kanisani, kila nikienda nyuzi za juu kinanda kinanimeza, fundi mmoja akaniambia pikapu, kile kifaa chenye sumaku chini ya nyuzi kinachonasa sauti, imekufa nitafute nyingine. Pikapu ilikuwa nzima, nitawaelezea nilichokikuta.

Kwanza hakikisha tatizo lipo kwenye gitaa kweli. E ikiwa wazi inatetemeka hezi 41 tu na G ni hezi 98, kwa hiyo kispika kidogo cha mazoezi kinaimeza E, halafu ukumbi wenye kuta za saruji tupu unaivimbisha hiyo hiyo E mpaka G inaonekana haipo. Sasa fanya hivi, piga noti moja kwenye nyuzi mbili zinazopakana: E freti ya 7 (freti ni vile vichuma vya kwenye shingo) na A freti ya 2, zote ni noti ya B. Kisha A freti ya 7 na D freti ya 2, kisha D freti ya 7 na G freti ya 2. Noti ni ileile, chumba kilekile, spika ileile, kwa hiyo tofauti inayobaki ni ya gitaa au ya vidole vyako. Moja itakuwa nene kidogo kuliko nyingine, hiyo ni kawaida, wewe sikiliza ukubwa wa sauti. Toni zote za ampu ziwe katikati na mkono wa kulia usihame sehemu. Kama mna mikisa yenye taa chomeka moja kwa moja uangalie taa zinapanda mpaka wapi, maana sikio likichoka linadanganya.

Ukikuta noti moja tu ndo inakufa, mara nyingi kwenye G kati ya freti ya 5 na ya 7, hapo ni shingo inayokula mtetemo, usiguse pikapu.

Nyuzi nazo ziangalie. Seti ya kawaida ina unene wa 45, 65, 85, 105 (elfu za inchi), sasa A ilikatika ukaweka ya seti nyingine, mpya kati ya tatu za miaka miwili, lazima ipige kelele kuliko wenzake. Na angalia uzi unapita juu ya vichwa vya sumaku au umeteleza pembeni. Usukume kidogo kwa kidole huku unapiga, sauti ikipanda umeshapata jibu, rekebisha unapokaa kwenye briji, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa.

Sasa urefu wa pikapu, hapa ndo kwenye kesi nyingi. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho kabisa, upime nafasi kati ya uzi na kichwa cha sumaku. Kama huna rula nzuri chukua zile kadi za plastiki zinazokuja na laini ya simu, kila moja ina unene wa karibu milimita 0.8: zipite tatu chini ya G na nne chini ya E, hapo ndo pa kuanzia, baada ya hapo sikio liamue. Kadi ya benki unayoitumia usiiweke hapo, sumaku inaweza kuharibu ule mstari mweusi. Zungusha skrubu robo robo na upige tena kila mara. Ushauri wangu, shusha upande unaopiga kelele kabla hujapandisha ule dhaifu, kisha ongeza volyumu ya ampu, kwa sababu pikapu ikisogea mno sumaku inauvuta uzi, noti inayumba haitulii kwenye tyuna na sauti inakufa mapema, hasa E.

Kwangu mimi, pikapu ya Precision ikiwa na nusu mbili, nililegeza skrubu za nusu ya D na G, skrubu zikapanda lakini pikapu ikabaki chini palepale. Nikaifungua yote, sponji ya chini yake imelala nyembamba kama karatasi, imekauka, ukiigusa inamong'onyoka. Yani hakukuwa na kitu cha kuisukuma juu! Nikaweka sponji ya kuoshea vyombo, ikalala baada ya miezi michache, nikakata vipande viwili vya kandambili chakavu, vile laini, na mpaka leo vimeshika na G inasikika mpaka mlangoni.

Kwenye besi ya aina ya Jazz pikapu ni kipande kimoja, unailaza tu, skrubu za upande wa G zilegeze au za upande wa E zikaze. Ina koili moja, yaani waya mmoja uliozungushwa, chini ya nyuzi zote, kwa hiyo uzi mmoja peke yake ukiwa dhaifu usilaumu koili. Na kwa kuwa una pikapu mbili, sikiliza moja moja: uzi ukiwa dhaifu kwenye zote mbili rudi kwenye uzi wenyewe, ukiwa dhaifu kwenye moja basi rekebisha urefu wa hiyo moja.

Precision ni tofauti, nusu moja inabeba E na A, nyingine D na G. Nyuzi mbili jirani zikizimika kwa pamoja ghafla na urefu uko sawa, shuku waya uliogusana kwenye nusu hiyo. Pima ukinzani wa kila nusu kwa mita ya umeme, namba zinatakiwa zikaribiane, moja ikisoma karibu sifuri ndo hiyo. Ukienda kwa fundi mtajie nusu yenyewe na namba ulizosoma, umwambie aanze na solda za hapo kabla ya kutaja bei ya pikapu nyingine.