Ndugu yako bado anajidunga? Mfikishe kwenye huduma hivyo hivyo, usisubiri aache

Familia nyingi zikishajua mtu wao anajidunga heroini (unga) zinawaza kitu kimoja tu, aache, na aache leo leo. Wanamfungia ndani, wananyang'anya simu, arosto (maumivu ya kukosa unga) inampiga usiku kucha, asubuhi mlango ukifunguliwa kidogo tu kashatoka karudi maskani kwa watumiaji wenzake. Kuacha ni jambo jema na likija tutashukuru, ila kabla halijaja huyu mtu inabidi awe hai na afya yake isiharibike, na ndo maana kuna huduma za kupunguza madhara, zimewekwa kwa ajili ya mtu ambaye bado anatumia, hamna anayemwambia acha kwanza ndo tukupokee.

Sasa pa kuanzia. Tafuta waelimishaji rika, hawa mara nyingi ni watu waliopitia hali hiyo wenyewe na ndo wanaozunguka maskani, wanajua kituo gani kinapokea watu vizuri na kipi kinawasimanga. Ukikosa pa kuwapata nenda kliniki ya VVU ya hospitali yoyote ya serikali uulize wanakopelekwa watu wanaojidunga, kwa kawaida wanajua. Sheria zinatofautiana nchi na nchi, kuna kwingine sindano zinagawiwa waziwazi na kwingine hazigawiwi kabisa, kwaiyo uliza mapema huduma gani zipo na wanatunzaje siri za mtu. Siku ya kwanza msindikize kama anataka, akisema anataka kwenda mwenyewe muache aende. Na tafadhali usimuite teja mbele ya nesi, tena hata nyumbani usimuite hivyo, mtu akishadhalilishwa mapokezi mara moja kumrudisha tena ni kazi kubwa.

Suala la sindano najua linawachoma wazazi wengi, unaona kama mtoto anapewa silaha. Lakini huyu mtu atajidunga leo, swali ni kwa sindano mpya au kwa iliyotoka kwa mwenzake. Mpango wa kugawa sindano ulianza Amsterdam mwaka 1984 na waliousukuma ni watumiaji wenyewe, walikuwa wanaona wenzao wanaambukizana homa ya ini B. Tangu hapo umefanyiwa utafiti nchi nyingi, unapunguza maambukizi ya VVU na hauongezi utumiaji. Kitu ambacho hata watumiaji wengi hawakijui ni kwamba sindano peke yake haitoshi, kijiko, pamba na maji ya kuandalia unga navyo visishirikishwe, sababu homa ya ini C inapita humo humo. Kirusi chake kilipopimwa maabara kilikutwa bado kina uwezo wa kuambukiza ndani ya bomba la sindano baada ya siku 63! Kwaiyo ile ya "nimeisuuza" haisaidii. Zilizotumika zirudi kituoni kwenye sefti boksi (boksi gumu la kutupia sindano), zisitupwe uani wala jalalani ambako watoto wanachezea.

Akishazoea kituo ndo aombe vipimo, VVU, homa ya ini B na C, na kifua kikuu. Homa ya ini C siku hizi inapona kabisa kwa vidonge vya wiki 8 mpaka 12, zaidi ya watu 95 kati ya 100 wanapona, ila akishirikiana vifaa tena anaweza kuipata upya. B ina chanjo. Na kama ametumia sindano ya mtu mwingine jana au juzi awahi kuomba dawa za kuzuia VVU, mwisho ni saa 72, baada ya hapo hazitolewi. Jipu au uvimbe pale anapojidunga msilikamue nyumbani, ukiona wekundu unasambaa au homa inapanda ni hospitali siku hiyo hiyo.

Methadoni nayo inaeleweka vibaya sana mtaani, eti ni kubadilisha unga kwa unga. Hapana, hii ni dawa, Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005 pamoja na buprenofini, dawa nyingine ya kazi hiyo hiyo. Anakunywa kila siku mbele ya mtoa huduma, inamtuliza arosto kutwa nzima bila kumlewesha dozi ikishakaa sawa, anaweza kufanya kazi, anaweza kulala. Ila wiki mbili za mwanzo muwe naye karibu jamani. Dozi inaanza chini, kwa kawaida haizidi miligramu 30, na dawa inajikusanya mwilini taratibu, sasa yeye anaona haimtoshi anaongezea heroini au vidonge vya usingizi au pombe juu yake na hapo ndo watu wanakufa. Akisema haitoshi mrudisheni kliniki waipandishe wao. Akikosa siku tatu mfululizo asirudie dozi yake ya zamani kimya kimya, amwambie nesi ukweli ili ipunguzwe kwanza.

Alafu hili la ovadozi, yaani mtu kuzidisha kipimo, naomba kila mtu ndani ya nyumba alijue, hata bibi. Mtu haamki ukimuita na kumsugua mfupa wa kifua kwa ngumi, anapumua polepole sana au anakoroma kama anakwama, midomo na kucha zinageuka bluu au kijivu (kwa ngozi nyeusi angalia fizi na ndani ya midomo), mboni za macho zimekuwa ndogo kama kitone. Hapo piga simu ya dharura kwanza. Mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi moja kila sekunde 5, maana kinachomuua ni kukosa hewa. Kama mna naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya heroini mwilini, mpeni, ya sindano ni kwenye msuli wa paja na ya kupuliza ni puani, subiri dakika 2 au 3 huku unaendelea kumpulizia, asipoanza kupumua vizuri rudia. Haifanyi kazi kwa pombe wala vidonge vya usingizi, lakini ukimpa kwa makosa haimdhuru, kwaiyo usisite. Maji ya baridi, maziwa, kumdunga maji ya chumvi, kumtembeza, vyote hivyo ni kupoteza muda. Akianza kupumua mlaze ubavu na usimuache hata akikutukana, naloksoni inaisha nguvu ndani ya dakika 30 mpaka 90 na heroini inaweza kumzamisha tena.

Ombeni naloksoni kituoni wakati huu ambapo hamna dharura, na waombeni wawaonyeshe kwa mikono namna ya kuitumia. Muiweke sehemu ambayo kila mtu anaijua, isifungiwe kabatini. Hasa kama anakaribia kutoka jela au soba hausi (nyumba ya kukaa wanaoacha dawa), mwili ushapoteza uzoefu wa kuhimili unga, akirudia kipimo chake cha zamani kinaweza kumuua mara moja. Mpigieni simu mwelimishaji rika kabla hajatoka, siku anayotoka aonane naye na methadoni ianze mapema, na mwambieni waziwazi bila kumtisha kwamba ikitokea akatumia basi aanze kidogo sana na asiwe peke yake.