Kodlesi ya nyumbani: jinsi ya kuchagua isiyokusumbua, hasa kama imetoka kwa ndugu aliye nje

Shangazi yangu anakaa Rau hapa Moshi, nyumba ndefu, magoti yanamsumbua, simu ya mezani ipo sebuleni na ikilia mpaka afike imeshakatika. Ya mkononi anayo ila inakaa kwenye pochi haina chaji, si mnawajua wazee. Wanawe wako nje, wakipiga asipopokea wanaanza kunisumbua mimi. Tukaamua awekewe kodlesi, yaani simu ya mezani ambayo beisi yake inakaa imechomekwa kwenye umeme na laini, na mkono wa kuongelea hauna waya, unaubeba popote nyumbani. Na kwa vile mimi kazi yangu ni mambo ya waya na simu, watu wengi wa hapa na Arusha wananiulizaga swali hilohilo, basi naandika mara moja niwe natuma linki tu.

HATUA YA 1: Angalia laini kabla ya simu

Kama nyumba ina laini ya TTCL ya waya wa shaba, ile namba inayoanza na 027, azima simu yoyote ya mezani ya kawaida yenye waya, chomeka ukutani, sikiliza. Kuna mlio? Twende hatua ya 2. Hakuna mlio, usinunue kitu, kodlesi haileti mlio ambao haupo kwenye laini.

Kama umeshahamia faiba, simu haichomekwi tena kwenye soketi ya zamani ya ukutani, inachomekwa nyuma ya kile kiboksi cha faiba kwenye tundu lililoandikwa TEL au PHONE au POTS. Tundu kuwepo haimaanishi namba imewashwa, waulize waliokufungia kama huduma ya sauti ipo kwenye kifurushi chako.

Na kama hauna laini ya waya kabisa (ndio wengi wetu), unachotafuta siyo kodlesi, ni simu ya mezani ya kuweka laini ya kawaida ya mkononi. Ina betri, unaibeba mpaka chumbani, kwa mzee inatosha kabisa. Hakikisha inashika masafa ya 900 na 1800 MHz manake za soko la Marekani ni 850 na 1900 na hapa zitakuwa pambo la kabati. Uliza pia kama imefungwa kwenye mtandao mmoja. Bonyeza *#06# upate IMEI (namba ya utambulisho wa simu), tuma kwenda 15090 uone jibu kabla hujatoa hela, tangu TCRA (mamlaka ya mawasiliano) walipozima simu feki Juni 2016 hilo siyo jambo la kupuuzia. Laini isajiliwe kwa alama za vidole na namba ya NIDA ya mwenye nyumba mwenyewe, siyo ya yule dogo aliyetumwa dukani, halafu piga *106# uhakikishe. Wa kundi hili mnaweza kuishia hapa.

HATUA YA 2: Mikono mingapi?

Miwili. Mmoja sebuleni mmoja chumbani kwa mzee. Beisi nyingi zinabeba hadi sita ila sita ni za nini.

HATUA YA 3: Simu inatoka wapi? (hapa soma taratibu)

Uchagani kila ukoo una mtu nje, na mtu wa nje akisikia mama anahitaji simu anaweka kwenye begi analeta Desemba. Shangazi alikuwa nazo mbili kabatini, moja kutoka kwa mtoto aliyeko Marekani, nyingine kutoka kwa binti aliyeko Uingereza, zote mpya kwenye maboksi, akaniuliza baba nifunge ipi. Zinafanana kwa sura. Kwa ndani ni vitu viwili tofauti kabisa.

Tuanze na ya Marekani. Geuza adapta usome maandishi madogo. Ukikuta INPUT 120V 60Hz, hiyo ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230V inaungua, na kile kiplagi cha kubadilisha pini bapa kuwa pini tatu hakibadilishi umeme, kinabadilisha umbo la pini tu, watu wameunguza vitu vingi sana kwa kutojua hilo. Ukikuta 100-240V 50/60Hz hiyo haina shida na umeme.

Sasa hapo mtu anasema basi nanunua stepudauni (kifaa cha kushusha umeme), au naenda mjini natafuta adapta ya 230V inayotoa volti zilezile. Sawa, umeme umeumaliza (ila angalia vitu vitatu: volti za OUTPUT ziwe zilezile, ampea zilingane au zizidi, na kale kamchoro ka chanya na hasi kafanane, na kuna beisi za zamani zinazotaka OUTPUT ya AC siyo DC, hizo ukiweka DC unajitafutia mengine). Lakini umemaliza umeme tu, mawimbi bado. Simu ya Marekani boksi lake limeandikwa DECT 6.0 au 1.9 GHz (DECT ni mfumo wa mawimbi wa kodlesi), watu wanadhani 6.0 ni toleo jipya kuliko DECT ya kawaida, hapana, ni jina la biashara tu la soko la kule. Inarusha kwenye 1920 hadi 1930 MHz. DECT ya Ulaya, na ndiyo inayotufaa sisi, inarusha 1880 hadi 1900 MHz. Na hiyo 1920 kwenda juu mpaka 1980 ndiyo njia ambayo simu za mkononi za 3G zinapeleka sauti na data mnarani. Kwa hiyo kodlesi ya shangazi ingekuwa inapiga kelele kwenye masikio ya mnara. Mbaya zaidi ni kwamba kwake yeye ingefanya kazi vizuri tu, asingejua chochote, wanaoumia ni majirani na mwenye mtandao, na masafa yanasimamiwa na TCRA, vifaa vinatakiwa viwe vimeidhinishwa nao. Stepudauni haigusi hilo, hakuna adapta wala fundi wa kukubadilishia. Nikamwambia shangazi hii irudi kabatini, amwambie kijana asante, mwakani alete kitu kingine. Hakufurahi ila ndiyo hivyo.

Ya Uingereza sasa. Umeme 230V kama wetu, pini tatu kama zetu, DECT ya 1880. Kila kitu sawa. Na hii iliyo sawa ndiyo ilinila mchana mzima.

Tatizo ni waya wa simu, siyo wa umeme, ule mwembamba unaotoka kwenye beisi kwenda ukutani. Wa Uingereza upande wa ukutani una kichwa kipana chenye kidole cha kubania pembeni, hakiingii kwenye tundu dogo la kawaida la waya wa simu, linaitwa RJ11, ambalo ndilo linakuwepo kwenye viboksi vya faiba na soketi nyingi. Dawa inaonekana rahisi, unaenda mjini unanunua waya wa kawaida wenye RJ11 pande zote mbili, unachomeka, unaingia vizuri kabisa tena unalia klik. Beisi inawaka, mikono inaiona beisi, unabonyeza kitufe cha kijani... kimya. Hakuna mlio. Unachomeka simu ya waya palepale, mlio upo. Unarudisha kodlesi, kimya. Hapo mtu yeyote atasema simu mbovu, na shangazi alishaanza kusema si bora ile ya Marekani.

Simu siyo mbovu. Chukua kile kichwa cha RJ11 kinachopitisha mwanga, kisogeze dirishani. Kuna vijino vinne vya rangi ya dhahabu. Kwenye waya wa kawaida laini inapita kwenye vijino viwili vya KATIKATI. Baadhi ya simu za Uingereza, upande wa beisi, laini inasomwa kwenye vijino viwili vya PEMBENI. Kwa hiyo waya wa dukani unaleta laini katikati, beisi inaisubiri pembeni, hawakutani. Na hauwezi kuona kwa nje manake kichwa ni kilekile na tundu ni lilelile.

Suluhisho, kwa mpangilio ninaoupenda mimi:

- Usitupe waya wake wa asili. Tafuta kiunganishi kidogo cha kutoka kichwa cha Uingereza kwenda RJ11, tumia waya wake uleule. Ukimpigia ndugu kabla hajasafiri aje nacho, kule ni kitu cha kawaida madukani.
- Ukikosa, fundi mwenye koleo ya kubania RJ11 akutengenezee waya: upande wa ukutani nyaya zikae katikati, upande wa beisi zikae pembeni. Mwambie hivyohivyo kwa maneno, ukimwambia tu "nibanie waya wa simu" atakubania ule wa kawaida na utarudi palepale.
- Ule wa kukata waya na kusokota na kuzungushia soloteipu, hapana. Utasikia mikwaruzo mvua ikianza.

Siyo kila simu ya Uingereza iko hivyo, nyingine ni katikati kama kawaida, ndiyo maana jirani atakwambia yake ilikubali. Jaribu kwanza waya wa asili kabla hujahukumu simu.

Ukinunua hapahapa kwetu hatua hii yote unaikwepa, soma tu nyuma ya beisi uone DECT bila 6.0. Na wakikuletea zile za masafa marefu zenye antena ya kufunga juu ya paa, za kusikika shamba zima, usizinunue bila kuwauliza TCRA, zinarusha kwa nguvu kubwa. Za zamani za 2.4 GHz pia ziache, zinagombana na Wi-Fi.

HATUA YA 4: Fungua mfuniko wa betri hapohapo dukani

Mimi kodlesi naichagulia hapa kuliko kwenye urembo wa skrini. Ukikuta AAA mbili za kuchaji, NiMH 1.2V, nunua. Ukikuta kipakiti kilichofungwa kwa plastiki chenye vinyaya viwili, chekundu na cheusi, na kiplagi cha ajabu, mrudishie mangi, betri ikifa utazunguka Double Road yote hupati. Panasonic na Gigaset nyingi zinatumia AAA za kawaida ndiyo maana naziegemea, sina undugu nao.

Betri zenyewe sasa. AAA ya NiMH ya kweli ni mia saba na kitu mAh (kipimo cha chaji inayobeba), nzuri sana inakaribia elfu moja. Ukiona AAA imeandikwa 1800 mAh wamekuandikia ndoto. Na usiweke betri za redio za 1.5V zisizochajika, simu itawaka na kwenye beisi itajaribu kuzichaji, zitavuja na kula vile vibati. Mara ya kwanza acha ichaji masaa kama saba kabla hujaanza kuongea.

HATUA YA 5: Jaribu bila laini

Muuzaji atakwambia "hapa hatuna laini ya kujaribia." Haihitajiki. Achomeke beisi kwenye umeme, wewe chukua mkono mmoja toka nao nje, vuka barabara ukiweza, yeye abonyeze kitufe cha kutafutia mkono. Ukilia umejua mawimbi yapo. Kama ina mikono miwili pigianeni ya ndani kwa ndani, hapo unasikia na ubora wa sauti. Boksi litasema mita 300 nje na mita 50 ndani. Hizo 50 ni za nyumba yenye kuta laini, siyo za kwetu za bloku na nondo na grili na sinki la chuma, ondoa kama nusu kichwani mwako. Banda la nje lenye mabati pande zote usilihesabu.

Kwa mzee angalia vitufe vikubwa, mwanga wa skrini, na sauti ya mlio ipandishwe mpaka mwisho asikie mwenyewe. Namba ya mpigaji kutokea kwenye skrini inategemea na huduma ya laini yako, usiibishanie na muuzaji.

HATUA YA 6: Pa kuiweka, na umeme ukikatika

Beisi iwe katikati ya nyumba, juu ya kabati, isiwe karibu na friji wala nyuma ya TV. Basi.

Umeme ukikatika beisi inakufa, na mikono yote inakufa nayo hata kama betri zimejaa, watu hawaamini mpaka iwatokee. Kwa hiyo ile simu ya zamani ya waya usiigawe. Kwenye laini ya shaba inakula umeme wa laini yenyewe, kama volti 48 kutoka kwenye kituo cha simu, kwa hiyo gizani inaita kama kawaida. Kwenye faiba hapana, kiboksi nacho kimezima, hapo weka yupiesi (betri ya akiba) ndogo ya 12V kwa ajili ya kiboksi (soma volti zake kwanza) na simu ya waya uchomeke kwenye kiboksi hichohicho. Beisi ya kodlesi usiipachike kwenye hiyo 12V, nyingi zinataka volti 6 hivi.

Masika radi zikianza kunguruma upande wa mlima chomoa vyote viwili, umeme na waya wa simu. Frijigadi inalinda upande wa umeme tu, radi inaingia vizuri tu kwa waya wa simu.

HATUA YA 7: Kuunga mkono wa pili

Kama ulinunua mkono wa pili peke yake, hata wa kampuni nyingine, mradi zote zimeandikwa GAP zitaelewana kwa kupiga na kupokea (kitabu cha majina na mbwembwe nyingine usitegemee). Shikilia kitufe cha beisi mpaka ilie, nenda kwenye menyu ya mkono utafute sehemu ya kusajili, ikikuomba PIN jaribu 0000. Isipokubali mara ya kwanza chomoa beisi kidogo urudie, ile nafasi ya kusajili inafunga haraka na mzee akikuita chai katikati umeshachelewa. Ukimaliza weka 112 na 114 kwenye namba za kubonyeza kitufe kimoja, polisi na zimamoto, halafu namba ya mtu anayekaa karibu. Siyo ya aliyeko Marekani.