Plastiki ipi inachomelewa na ipi haichomelewi: pima kabla ya kuwasha moto

Kila siku mafundi wa Dar wanaletewa bampa, ndoo, simtank na makava ya bodaboda yaliyopasuka. Kabla hujagusa moto, jua plastiki iliyo mbele yako ni ya kundi gani. Thamoplastiki hulainika kwa joto na kuganda ikipoa, na unaweza kurudia. Thamoseti ikishakomaa kiwandani haiyeyuki tena. Ukizidisha moto inaungua tu.

Sababu iko ndani kabisa. Zote mbili ni minyororo mirefu ya molekuli, ila katika thamoplastiki minyororo hiyo imelala kando kwa kando na inateleza ikipata joto. Katika thamoseti imefungana kwa vifungo vya kikemia pande zote. Unga ukishakuwa ugali haurudi kuwa unga, na ndivyo ilivyo hapa.

Hatua ya 1: Soma alama. Geuza kitu, tafuta pembetatu yenye namba. Namba 1 hadi 6 zote ni thamoplastiki: chupa ya maji ni 1, madumu mengi ni 2, mabomba ya PVC ni 3, vyombo vingi vya chakula ni 5. Namba 7 ni kundi la plastiki nyinginezo, usiiamini peke yake. Bampa ina maandishi kwa ndani, kwa mfano >PP< (polipropilini, ile ya namba 5). Ukikuta >PUR< (poliyurethani, ambayo mara nyingi ni thamoseti), weka mashine ya hewa ya moto pembeni mpaka upime.

Hatua ya 2: Msumari wa moto. Kipimo hiki ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Fanyia nje, penye upepo. Shika msumari kwa plaizi, upashe moto, kisha ugusishe mahali pasipoonekana, kwa sekunde moja au mbili. Thamoplastiki inameza ncha, na ukiuvuta msumari unatoka na uzi mwembamba. Thamoseti inakataa: ncha haizami, panabaki doa la kahawia au jeusi, na ukilikwaruza linatoka vumbi. Jaribu kwenye mpini wa kikaango cha zamani uone. Mara nyingi hiyo ni Bakelite, plastiki aliyoivumbua Leo Baekeland mwaka 1907, na harufu yake inakumbusha dawa kali ya kusafishia choo. Sahani ya melamini hunuka kama samaki. Usiinamie moshi kutafuta harufu, hasa wa PVC: unatoa gesi ya asidi inayochoma koo na mapafu.

Ugumu na ulaini usikudanganye. Tairi linanesa na sponji ya godoro inabonyea, lakini zote ni thamoseti.

Hatua ya 3: Maji. Ikishathibitika ni thamoplastiki, kata kipande, kitose kwenye ndoo ya maji yenye tone la sabuni. PE (polithini, namba 2 na 4) na PP huelea. PVC na PET (ya chupa za maji, namba 1) huzama. Unahitaji kujua hili kwa sababu fimbo ya plastiki ya kujazia ufa lazima iwe ya plastiki ileile. PE ya dumu huyeyuka karibu nyuzi 130, PP karibu 160. Ukizichanganya, kiungo kinabanduka.

Hatua ya 4: Tengeneza. Simtank ni PE, na hapa ndipo watu wanapopoteza pesa. Wananunua gundi ya epoksi, wanapaka, baada ya muda mfupi maji yanavuja tena, kwa sababu PE na PP hazishikwi vizuri na gundi za kawaida. Toboa kitundu kila mwisho wa ufa ili usiendelee, chonga ufa uwe kama V, kisha yeyusha fimbo na kingo kwa pamoja.

Thamoseti ni kinyume chake: hapo gundi ndiyo dawa. Boti ya faiba iliyopasuka piga msasa mpaka mng'ao uishe, futa vumbi, tandika kitambaa cha faiba na resini (gundi ya maji) iliyochanganywa na hadna (dawa ya kuigandisha). Huo mchanganyiko unageuka thamoseti mbele ya macho yako, na unatoa joto lake wenyewe. Kwa jua la Dar unawahi kuganda, kwa hiyo changanya kidogo kidogo, kivulini, na uumimine kwenye chombo kipana badala ya kikombe kirefu.

Kwa wanaouza chakavu kwa kilo: tenga mipini, soketi na melamini mapema. Vipande vichache vikiingia kwenye mashine ya kuyeyushia vinabaki vigumu vilevile na kuziba njia ya kutolea plastiki.