Kadi ya Wi-Fi Isipofanya Kazi Kwenye Kompyuta Mpakato ya Linux

Wengi wetu Wi-Fi inapogoma hukimbilia kupakua draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa), au hata kusakinisha upya mfumo mzima, kabla ya kujua kama kadi imezuiwa, haionekani, au inaonekana lakini imekosa kitu cha kuiendesha. Fungua kwanza terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike rfkill list. Ukiona "Soft blocked: yes", kadi imezimwa na programu, na amri ya sudo rfkill unblock wifi itaiwasha, ukiona "Hard blocked: yes", amri hiyo haitafaa kitu, hivyo tafuta swichi ya ubavuni au kitufe cha kibodi chenye alama ya ndege au mnara.

Ikiwa haijazuiwa, andika lspci -nnk, au lsusb kwa kadi ya kuchomeka. Kadi isipotajwa kabisa, kagua mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoanza kabla ya mfumo), na uangalie kama imelegea mahali pake. Ikitajwa, soma mstari wa "Kernel driver in use" chini yake, kwa kuwa mstari huo ukikosekana, keneli, yaani kiini cha Linux, haijaipatia draiva.

Sababu inayosahaulika zaidi ni fimuwea, yaani programu inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe. Draiva ya iwlwifi ya kadi za Intel imo tayari ndani ya keneli, lakini haiwezi kuiamsha kadi bila faili la fimuwea, na likikosekana, sudo dmesg | grep -i firmware itakutajia jina lake. Kwenye Ubuntu faili hizo zimo katika kifurushi cha linux-firmware. Kwenye Debian ni firmware-iwlwifi, na tangu Debian 12 ya mwaka 2023 diski rasmi ya kusakinishia huja nazo.

Kadi ya Broadcom BCM43142 huhitaji draiva ya wl, iliyomo katika broadcom-sta-dkms ya Debian. Iwapo Secure Boot (ulinzi unaoruhusu programu zilizothibitishwa tu wakati wa kuwasha kompyuta) imewashwa, jambo utakalolijua kwa mokutil --sb-state, keneli huikataa moduli (draiva inayoongezwa kwenye keneli) isiyo na saini inayoaminika, hivyo usipuuze ombi la kusajili ufunguo wa saini hiyo wakati wa kuwasha upya. Ili kupata intaneti ya kupakulia vifurushi hivi, chomeka simu kwa waya wa USB na uiruhusu kugawa data yake. Kompyuta huiona kama mtandao wa waya.

Mtandao ukiwa unashika na kukatika, mara nyingi mimi huzima kwanza uokoaji wa umeme: katika faili la .conf ndani ya folda ya /etc/NetworkManager/conf.d, weka wifi.powersave = 2 chini ya [connection], kisha uiwashe upya NetworkManager, programu inayosimamia mtandao. Betri itaisha mapema kidogo, lakini afadhali hivyo kuliko kikao kinachokatika kila baada ya dakika chache.