Jinsi ya kuupiga marufuku mpako wa lami ya makaa ya mawe katika mji wako

Kila kiangazi nchini Marekani, mafundi hupita mitaani wakipaka maegesho ya magari, njia za kuingilia nyumbani na viwanja vya kuchezea watoto ule mpako mweusi unaong'aa. Katika miji ya mashariki na ya kati, mpako huo mara nyingi hutengenezwa kwa lami ya makaa ya mawe, masalia yanayotokana na kutengeneza koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa kwa ajili ya viwanda vya chuma. Jua na matairi huusaga taratibu ukawa vumbi. Vumbi hilo, lenye kemikali zinazosababisha saratani, huingia majumbani na viatu, na mvua ikinyesha hufuata mtaro hadi ziwani.

Tangu chama cha wakazi nilichokisaidia kifanikiwe kupata sheria yake ndogo, watu wa miji mingine wananiuliza walianzie wapi. Naandika kwa mfuatano nitakaoufuata nikiombwa tena.

Hatua ya 1: Angalia kama marufuku ipo tayari

Jimbo la Washington lilipitisha yake mwaka 2011, na Minnesota marufuku ya jimbo zima ilianza 2014. Maine na New York nazo zimefuata. Ukiwa katika majimbo hayo, kazi yako ni utekelezaji, basi ruka hadi hatua ya 5. Kwingineko, muulize mwanasheria wa jiji kama sheria za jimbo zinairuhusu halmashauri kutunga sheria ya aina hii. Barua pepe moja inatosha.

Hatua ya 2: Jua kilichopakwa mjini kwako

Usiende kwa diwani na habari za miji ya wengine tu. Nenda na ushahidi wa maegesho anayoyapita kila siku.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ile ambayo wakaguzi wa Austin, Texas, wameitumia. Pata kichupa cha kioo chenye mfuniko na kiyeyushi cha rangi ya mafuta, kile chenye maandishi mineral spirits kwenye kopo. Omba ruhusa ya mwenye eneo, kisha kwangua kipande kidogo cha mpako kwa bisibisi. Kwangua tabaka la juu peke yake. Ukichimba hadi kwenye lami yenyewe iliyo chini, hiyo lami ya chini itayeyuka na kukudanganya.

Tia kipande kwenye kichupa, mimina kiyeyushi, funga, tikisa, uache kama nusu saa huku ukitikisa mara mojamoja. Mpako wa lami ya petroli, yaani ile itokayo kwenye mafuta ghafi, huyeyuka na kukigeuza kiyeyushi kuwa cheusi kama kahawa, huoni upande wa pili. Lami ya makaa ya mawe haiyeyuki vizuri humo, kwa hiyo kichupa hubaki na rangi ya chai ya rangi, na ukikiinua kwenye mwanga unaona kidole chako nyuma yake. Vaa glavu, fanyia kazi nje penye hewa, na usimwage mabaki kwenye sinki wala mtaroni.

Kipimo hiki ni cha uchunguzi wa awali tu. Maegesho yaliyopakwa miaka tofauti kwa bidhaa tofauti hutoa rangi ya katikati, na hapo maabara ndiyo itakayoamua. Kwa mkutano wa kwanza na diwani, lakini, vichupa viwili vilivyowekwa mezani bega kwa bega hufanya kazi kuliko kurasa ishirini za maelezo.

Pia omba kwa mafundi karatasi ya usalama ya bidhaa wanayotumia. Usisome jina la mbele, soma orodha ya viambato. Tafuta maneno refined tar au RT-12, na zaidi ya yote tafuta namba 65996-93-2. Jina la biashara hubadilishwa, lakini namba hiyo ndiyo kitambulisho cha lami nzito ya makaa ya mawe popote inapouzwa.

Hatua ya 3: Anza na idara ya maji ya mvua

Wengi hukimbilia idara ya afya, au huanza kukusanya saini. Mimi naanza na watu wa maji ya mvua, kwa sababu wao ndio wanaolipa. Mabwawa ya kutuliza maji ya mvua hujaa tope, na tope likiwa na sumu haliwezi kutupwa popote. Wakala wa mazingira wa Minnesota ulikadiria kwamba iwapo asilimia 10 tu ya mabwawa ya eneo la Minneapolis na St. Paul yangekuwa yamechafuka kiasi hicho, gharama ya kuyasafisha ingeweza kufika dola bilioni 1. Mhandisi wa maji akilisikia hilo, hahitaji kushawishiwa zaidi.

Hatua ya 4: Andika ufafanuzi wa kinachokatazwa

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo nimeona rasimu nzuri zikiharibika.

Rasimu nyingi hunakili maneno ya zamani: "ni marufuku kutumia mpako wenye lami ya makaa ya mawe." Sentensi hiyo ilitosha wakati Austin inakuwa jiji la kwanza Marekani kupitisha marufuku, mwaka 2005. Leo ina tundu kubwa. Zipo bidhaa zinazotengenezwa kwa masalia mazito ya petroli yanayobaki baada ya kupasua mafuta kwa mvuke ili kupata ethilini. Si makaa ya mawe hata kidogo, hivyo kisheria zinapita. Lakini ndani yake mnaweza kuwa na wingi wa kemikali zilezile tunazozikimbia.

Kemikali hizo ni PAH, familia ya hidrokaboni zenye pete kadhaa zilizoshikana. Miongoni mwao imo benzopireni, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kundi la kwanza, yaani kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Lami ya makaa ya mawe yenyewe imo kundi hilohilo. Kwa hiyo sheria ishike kemikali. Ikishika malighafi tu, kiwanda kitabadilisha malighafi na sumu itabaki palepale.

Washington, D.C., mji mkuu wa Marekani, ilipitia njia hii. Ilikataza lami ya makaa ya mawe mwaka 2009, na baada ya karibu miaka kumi ikaipanua sheria ili ikataze bidhaa yoyote ya kupaka lami yenye PAH zaidi ya asilimia 0.1 ya uzito wake. Namba hiyo ndiyo ninayoisimamia, na hesabu yake ni rahisi kumweleza diwani. Mpako wa makaa ya mawe huwa na PAH kama asilimia 5, yaani mara hamsini ya kikomo. Mpako wa kawaida wa lami ya petroli huwa na miligramu kama 50 kwa kilo, yaani asilimia 0.005, sehemu moja ya ishirini ya kikomo. Fundi anayetumia bidhaa nzuri hagusiki kabisa, wala huhitaji kubishana juu ya bidhaa mojamoja.

Tahadhari ninazoziweka kila mara:

Taja vyote viwili, malighafi na kikomo. Malighafi humsaidia mkaguzi aliye barabarani na kichupa chake, kikomo humsaidia mwanasheria mahakamani. Taja pia namba 64742-90-1, ya masalia ya petroli yaliyopasuliwa kwa mvuke, kwa sababu kile kichupa hakiwezi kuyatambua.

Andika kwamba PAH zipimwe katika bidhaa kama inavyouzwa kwenye ndoo, na utaje kipimo gani cha maabara na PAH zipi zinazojumlishwa. Usipotaja, upande wa pili utaleta orodha fupi kuliko yako na kusema bidhaa yao iko chini ya kikomo.

Usikubali neno "makusudi" liingizwe, kama vile "bidhaa iliyoongezwa PAH kwa makusudi." Hakuna anayeziongeza kwa makusudi, zimo tangu mwanzo. Neno hilo moja huifuta sheria yote.

Hatua ya 5: Nani anawajibika

Kataza kuuza, kupaka, na kuruhusu kupakwa. Likiachwa hilo la tatu, fundi wa mbali atapaka Jumamosi na kuondoka, na mwenye maegesho atasema hakujua. Mtake mpakaji ajisajili na atunze karatasi za bidhaa. Ukaguzi ufanyike msimu wa kupaka, kwa kile kichupa.

Sijawahi kupendekeza kulazimisha watu kukwangua mpako wa zamani. Vumbi la kukwangua ni hatari lenyewe, na upinzani wake huua rasimu.

Hatua ya 6: Siku ya kusikilizwa

Mtaambiwa PAH hutoka kwenye moshi wa magari na majiko. Ni kweli hutoka huko pia. Jibu ni ziwa la Lady Bird, linalopokea maji ya mvua ya Austin. Barbara Mahler na Peter Van Metre, wanasayansi wa idara ya jiolojia ya Marekani, walipima tope lake kabla na baada ya marufuku. Magari hayakupungua Austin, lakini tope la 2012 hadi 2014 lilikuwa na PAH pungufu kwa asilimia 58 kuliko la 1998 hadi 2005.

Kwa wazazi waliokaa ukumbini, sema habari ya vumbi. Fleti zilizopakana na maegesho ya lami ya makaa ya mawe zilikutwa na PAH mara 25 katika vumbi la sakafuni kuliko fleti nyingine. Mtoto anayetambaa hutia mkono wenye vumbi hilo mdomoni mchana kutwa. Utafiti wa 2013 ulikadiria kwamba zaidi ya nusu ya hatari ya saratani kwa anayeishi karibu na mpako huo hulimbikizwa kabla hajatimiza miaka sita. Liseme hili polepole, na umwache mzazi mmoja aliseme badala yako ikiwezekana.

Wakiuliza mafundi watatumia nini, waambie mpako wa lami ya petroli umetumika kwa wingi magharibi mwa nchi kwa miaka mingi, na kwamba maduka makubwa kama Home Depot na Lowe's yaliacha kuuza wa makaa ya mawe tangu muongo wa 2000.

Tarehe ya kuanza kutumika iwe majira ya baridi, kabla mafundi hawajaagiza mapipa ya msimu mpya. Ikiangukia Julai, wenye maghala yaliyojaa wataomba nyongeza ya mwaka mzima na watapewa.